Kanda la Usufi

Waliposema mlima umepasuka juu ya nyumba ya Heriberto Huenchur,
kwamba mvua moja tu kama ile ya Jumanne
na tope litaingia mlangoni bila kubisha hodi,
mimi niliendelea kumenya viazi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Na mwenzio huyu, miaka kumi na mmoja iliyopita,
alisogeza uzio wake hatua tatu ndani ya shamba langu,
akaapa mbele ya hakimu
kwamba uzio ulizaliwa pale pale.

Sasa kiharusi kimemlaza.
Upande mmoja wa Heriberto umekwisha kuondoka,
wa pili unasubiri.

Mkewe, Eduvina, alizunguka mlango kwa mlango
kama ada ya kisiwa chetu cha Chiloé inavyotaka:
unakwenda mwenyewe, unaomba kwa mdomo wako,
huombi pesa, unaomba mabega.
Kwangu alisimama nje ya lango, maji yakimchuruzika kidevuni.
"Nolberto, nimekuja kwako mwisho
kwa kuwa kwako ndiko kugumu."

Sikumjibu. Nilimfungia viazi ambavyo hakuviomba.

Jumamosi nilikwenda, na nisidanganye:
nilikwenda kwa ajili ya macho ya watu,
na kwa sababu Clavel na Lucero ndio maksai wenye nguvu kuliko wote ufukoni hapa,
nami sikutaka kusikia kwamba wamevuta wengine.

Vioo vya madirisha vilikuwa vimetolewa,
sahani zimeviringishwa kwenye mablanketi.
Jiko liliachwa likiwaka.
Na Heriberto aliachwa kitandani, daktari kakataza asiinuliwe,
nyumba nzima juu ya magogo na mtu wake ndani,
kama kokwa ndani ya tunda.

Mzee Oyarzún, msimamizi wa kanisa, hakuhubiri.
Alivua kofia:
"Bwana, hata wewe ulibebewa na mtu aliyekuwa akipita njia."
Akavaa kofia, akashika kamba.

Tulivuta.
Nyumba ililia kwenye maungio yake yote.
Jozi kumi na mbili za maksai, watu sitini,
watoto wakikimbiza magogo ya nyuma kuyapeleka mbele,
mpaka tulipofika kwenye uzio.

Ule uzio.

Kushoto korongo, kulia bwawa.
Watu sitini wakaanza kutazama viatu vyao.
Mvua ikarudi, kwanza taratibu.
Kwenye dirisha lisilo kioo nikaliona jicho la Heriberto,
lile moja linaloona,
na mdomo wake ukihangaika na neno
kama mtu anayehangaika na kitasa cha mlango gizani.
Sikulielewa. Labda alisema samahani.
Labda alisema usiguse.
Niliitika amina, nikachukua shoka.

Nguzo ya kwanza ilikuwa imeoza. Ya nne ilinipa taabu.

Kisha kigogo kimoja kilizama,
nikaacha maksai kwa mwanangu, nikaingia mwenyewe chini ya kamba,
na hapo ndipo nilipoijua nyumba ile:
uzito wa kitanda, uzito wa jiko,
uzito wa mwanamke aliyemgeuza mumewe kila saa tatu
tangu Pasaka, peke yake,
mimi nikiwa umbali wa kelele moja ya jogoo.
Usufi?
Njoo uguse bega langu.

Upendo sikwenda nao. Wanaosema nilikwenda nao wananipamba.
Nadhani ulikuwa kwenye kamba tangu mwanzo,
umeloa, umejaa nyuzi zinazochoma,
ukingoja mtu wa kuushika.

Jioni walikula nguruwe na viazi, wakanywa mvinyo wa tufaha.
Eduvina alinipaka mafuta begani, hakusema kitu.
Bomba la jiko lilikuwa bado linatoa moshi, mahali papya.

Uzio sijaurudisha, wala hajaniuliza mtu.
Pale magogo yalipopita pamebaki mfereji,
umejaa maji,
na bata wa pande zote mbili
wanakunywa humo.